Buloko ni wapi? Historia ya neno moja lenye milango mingi

Mjini Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Bunia, habari ya mtu kukamatwa hufika nyumbani kwa maneno machache tu. Mtoto anatoka barabarani akikimbia: « Mama, papa wamemupeleka buloko! » Mama anaacha sufuria motoni, anafunga kitenge, anaomba jirani amwangalilie watoto, kisha anaanza kuzunguka. Komisaria ya kwanza wanamwambia hayuko. Ya pili wanasema aulize parke. Parke wanamtuma prizo kuu. Mlinzi wa prizo anapitisha kidole kwenye daftari, jina haliko. Jua linazama, chakula alichobeba kimepoa, na hajui bado mtu wake amelala wapi.

Kwa familia zilizokimbia vita, mzunguko huo ni mrefu zaidi. Ni wageni mtaani. Hawajui komisaria iko upande gani, hawana ndugu anayefanya kazi katika ofisi, na mara nyingine hata karte ya uchaguzi ilibaki katika nyumba waliyoiacha.

Shida mojawapo ni kwamba neno ni moja, lakini mahali ni pengi. Kila mahali panapoitwa buloko pana mwenye ufunguo wake, karatasi yake na muda wake. Na historia ya Kongo, toka wakati wa mfalme Leopold mpaka leo, inaonyesha jambo moja: mambo mabaya zaidi yalifanyika mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na jina la gereza, wala daftari, wala siku ya kutoka. Kwa hiyo kuyatofautisha maneno haya ni njia moja ya kumtafuta mtu na kumpata akiwa hai.

Maneno yalitoka wapi

Neno gereza lilitoka pwani ya Bahari ya Hindi. Wataalamu wa lugha wanasema lilitokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walipotawala pwani walijenga makanisa na ngome, na watu wa pwani wakazoea kuita hivyo majengo yao ya mawe. Kule Unguja, Waarabu wa Oman walijenga ngome mahali palipokuwa kanisa la Wareno. Kule Mombasa, Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikatekwa na Waomani mwaka wa 1698, na Waingereza waliifanya kuwa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Hivyo neno lililoanza na nyumba ya sala likaishia kwenye nyumba ya kufungia watu.

Jela lilitoka kwa Waingereza. Linasemwa sana Tanzania na Kenya, na Wakongo waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wamelizoea. Huko Tanzania kuna pia neno mahabusu, lenye asili ya Kiarabu, kwa mtu aliyefungwa huku kesi yake ikingoja, na hata kwa mahali anapowekwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Mkongo wa Nyarugusu akiambiwa kwamba ndugu yake « yuko mahabusu », ajue kwamba hukumu haijatolewa.

Upande wetu, maneno mengi yalikuja na Wabelgiji na askari wao. Prizo ni Kifaransa. Kasho pia ni Kifaransa, na linatokana na kitenzi cha kuficha. Buloko tumeipata kwa Kilingala, boloko, lugha iliyosambazwa sana na jeshi. Kinshasa watu wanasema pia amigo kwa kasho la polisi. Neno hilo Wabelgiji walilitumia kwao kwa maana hiyo hiyo, ingawa kwa Kispanyola maana yake ni rafiki. Inasemekana lilizaliwa kwa kosa la kutafsiri, zamani Wahispania walipotawala Ubelgiji, pale neno la Kiflamandi la boma lilipochanganywa na neno la rafiki.

Kiswahili chenyewe kina kitenzi kufunga. Kutoka hapo tunapata mfungwa na kifungo. Kitenzi hiki hakitaji jengo. Kinataja kamba, mnyororo, mlango. Na kweli, katika nchi yetu watu walifungwa muda mrefu kabla gereza halijajengwa.

Kabla ya kuta

Katika vijiji vingi vya zamani, mtu aliyekosa hakuwekwa ndani kwa miezi. Wazee walikaa, walisikiliza, walikata neno. Alilipa mbuzi ao ng'ombe, aliomba msamaha, ao kosa likiwa kubwa mno alifukuzwa. Kumlisha mtu asiyelima, aliyekaa tu ndani ya nyumba, kungeonekana kama adhabu kwa kijiji kizima.

Karne ya 19 ilileta aina nyingine ya kufungwa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Nyangwe na Kasongo, wakati wa Tippu Tip na wenzake. Watu walifungwa shingoni kwa mnyororo, ao kwa kongwa, yaani mti wenye panda. Hawa hawakuwa wafungwa kwa maana ya sheria. Hakuna aliyewauliza walikosa nini. Walikuwa mali inayosafirishwa, na hakuna aliyepanga siku ya kuwafungua.

Mwaka wa 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alitangazwa kuwa mwenye Kongo. Dola lake lilisema linakuja kukomesha utumwa. Lakini mpira wa miti ulipopanda bei, askari wa Force Publique na walinzi wa makampuni walipelekwa vijijini kudai mpira. Wanaume walikimbilia msituni. Basi askari walishika wanawake, na mara nyingi watoto na wazee, wakawafungia katika nyumba iliyoitwa nyumba ya mateka. Mwanaume akileta mpira wa kutosha, mke wake anafunguliwa. Asipoleta, anabaki ndani. Wengi walikufa humo kwa njaa na magonjwa.

Konsuli Mwingereza Roger Casement alisafiri katika Kongo ya juu mwaka wa 1903, na ripoti yake ilitoka mwaka wa 1904. Ilieleza habari hizo na kuzisikizisha ulimwengu. Katika eneo la kampuni ABIR, huko Ekwateri, kuwashika watu namna hiyo kulipewa hata jina la kisheria: contrainte par corps, yaani kumlazimisha mtu kwa kuushika mwili wake. Karatasi ilikuwapo, lakini kosa halikuwapo. Yule mwanamke hakufanya lolote. Alishikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza kubwa inapoonekana. Mfungwa hushikwa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe anashtakiwa. Mateka hushikwa ili mtu mwingine alipe, arudi, ao atii. Tukishika tofauti hiyo, tutaona mahali pengi panapoitwa buloko leo pangepaswa kuitwa kwa jina lingine.

Gereza la Wabelgiji na kiboko

Mwaka wa 1908 Leopold aliiachia serikali ya Ubelgiji koloni. Mateka wa mpira walipungua, na prizo zilijengwa kwenye makao ya wilaya na teritware. Mtu aliingia humo kwa wizi ao kwa kuua, lakini pia kwa kukosa kulipa kodi ya kichwa, kwa kukataa kulima pamba ya lazima, kwa kuacha kazi kabla mkataba haujaisha. Msimamizi mzungu wa teritware aliweza kuwa mkubwa wa utawala na wakati huo huo jaji wa makosa madogo.

Wafungwa walifanya kazi za barabara, walibeba maji, walifyeka majani ya mji. Na kulikuwa na fimbo, kiboko iliyokatwa kwa ngozi ya mnyama mwenye jina hilo hilo. Wachoraji wa Katanga hawakuisahau. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake walichora mara nyingi picha inayoitwa Colonie belge: kiwanja cha prizo, bendera ya Ubelgiji, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anapiga, mzungu anasimama akitazama. Familia za wafanyakazi zilinunua picha hizo na kuzitundika sebuleni. Zilipotaka kukumbuka ukoloni kwa picha moja, zilichagua kiwanja cha prizo.

Hata hivyo prizo hiyo ya kikoloni, pamoja na ukatili wake, ilikuwa na daftari. Jina liliandikwa, adhabu ilihesabiwa, siku ya kutoka ilijulikana. Wabelgiji walijua kwamba kuna watu ambao hawakutaka kuwapa hata hayo. Kwa hao walitumia njia nyingine.

Kuhamishwa bila ukuta

Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921. Mahakama ya kijeshi huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kifo tarehe 3 Oktoba 1921. Mfalme Albert alibadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Huyo alikuwa mfungwa wa gereza, mwenye hukumu, hata kama hukumu yenyewe haikuwa ya haki.

Waumini wake walipata jambo tofauti, lililoitwa relégation. Mkubwa wa utawala aliandika amri, na mtu, mara nyingi pamoja na mke na watoto, alipelekwa jimbo la mbali ambako hakujua lugha wala desturi. Hakufungiwa ndani ya chumba. Aliweza kujenga na kulima. Lakini hakuweza kurudi kwao, na hakuna jaji aliyempangia siku ya mwisho. Waliohesabiwa kuwa wa hatari zaidi walipelekwa kambi za kilimo zilizo na ulinzi, kama ile ya Ekafera huko Ekwateri.

Watu wa Kitawala walitendewa vivyo hivyo. Dini hiyo iliingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, katika miaka ya 1920. Wabelgiji walipohamisha wafuasi wake kwenda majimbo mengine, waliwasafirishia imani yao bure. Mahali pengi ambapo Kitawala haikujulikana, ililetwa na wale waliofukuzwa kwao kwa ajili yake.

Dawa hiyo ya kikoloni haikuisha na uhuru. Mobutu aliitumia tena. Mwaka wa 1980 wabunge 13, kati yao Etienne Tshisekedi, walimwandikia barua ya wazi. Walikamatwa, walihukumiwa, na baadaye baadhi yao walipelekwa kwa nguvu kukaa katika vijiji vya asili. Wakubwa waliweza kusema kwamba hawako gerezani, na kwa neno hilo hawakusema uongo. Lakini mtu asiyeweza kutoka kijijini bila askari kumrudisha, naye amefungwa.

Lumumba na milango minne

Hakuna maisha yanayoonyesha tofauti za maneno haya kuliko maisha ya Patrice Lumumba.

Mara ya kwanza alikamatwa mwaka wa 1956, Stanleyville, leo Kisangani, kwa kesi ya pesa za posta alikofanya kazi. Alipelekwa mbele ya mahakama, alihukumiwa, adhabu ikapunguzwa, akatoka mwaka wa 1957. Akiwa ndani aliandika kitabu, ambacho kilichapwa mwaka wa 1961, baada ya kifo chake. Lilikuwa gereza: kuna shtaka, kuna hukumu, kuna siku ya kutoka.

Mara ya pili ilikuwa Novemba 1959, baada ya machafuko ya Stanleyville. Tarehe 21 Januari 1960 alihukumiwa miezi 6. Alipelekwa prizo ya Jadotville, leo Likasi. Lakini viongozi wenzake waliokuwa kwenye mkutano wa meza ya duara huko Brussels walidai aletwe, na siku chache tu baadaye alifunguliwa, akapanda ndege. Kila mtu alijua yuko wapi, ndiyo maana waliweza kumdai.

Mara ya tatu alikuwa tayari waziri mkuu aliyeondolewa kazini. Kuanzia Oktoba 1960 alizuiliwa katika nyumba yake, mjini Léopoldville. Askari wa Umoja wa Mataifa waliizunguka wakisema wanamlinda. Askari wa Kongo walizunguka upande wa nje wakingoja kumkamata. Haikuitwa gereza. Hakuna jaji aliyesaini. Usiku wa 27 Novemba alitoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa tarehe 1 Desemba kwenye mto Sankuru.

Mara ya nne hakupelekwa prizo. Alipelekwa kambi ya kijeshi, Camp Hardy, Thysville, mji ule ule ambako Kimbangu alihukumiwa. Kambi ya jeshi haina daftari la wafungwa ambalo familia inaweza kuomba kuliona, wala haiko chini ya hakimu wa kawaida. Tarehe 17 Januari 1961 alitolewa huko pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa kwa ndege mpaka Elisabethville. Waliwekwa katika nyumba ya mtu binafsi, nyumba ya Brouwez, wakapigwa, na usiku huo huo walipigwa risasi. Karibu mwezi mzima nchi haikuambiwa. Kisha wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba ametoroka, halafu, tarehe 13 Februari, kwamba ameuawa na wanakijiji.

Ukiitazama safari hiyo toka mwanzo mpaka mwisho, utaona jinsi majina ya mahali yalivyozidi kufifia: gereza la hukumu, kisha nyumba ya kuzuiliwa, kisha kambi, mwishoni nyumba isiyo na jina lolote la sheria. Kadiri jina lilivyofifia, ndivyo ilivyokuwa rahisi kumuua. Uongo wa kusema « ametoroka » usingewezekana kama angekuwa kwenye daftari la prizo, na mlinzi amejibu kwa saini yake.

Milango ya leo

Sheria za leo zinatofautisha mahali hapo, hata kama midomo inasema buloko kwa pote.

Mlango wa kwanza ni kasho la polisi ao la parke. Mwenye kuandika hapo ni OPJ, yaani afisa wa polisi anayefanyia mahakama kazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena katika lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake ao avoka wake. Na muda wa kuwekwa hapo hauwezi kupita saa 48. Baadaye aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kwa hiyo kasho ni mahali pa kupita. Mtu anayelala humo wiki 3 hayuko tena katika kasho la sheria, hata kama mlango ni ule ule.

Mlango wa pili ni kizuizi cha kungoja kesi. Parke ikiona sababu, inaandika karatasi ya kukamata kwa muda. Ndani ya siku 5 mtu huyo anapaswa kufikishwa mbele ya jaji. Jaji anaweza kuamua azuiliwe siku 15, kisha mwezi kwa mwezi, na kila mara kwa uamuzi mpya. Mtu huyu huwekwa katika prizo, ndiyo sababu jirani anasema « amefungwa ». Lakini mbele ya sheria hana kosa bado. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema uhuru ndiyo kanuni, kizuizi ni jambo la pekee, na kila mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Mlango wa tatu ni prizo ya hukumu. Hapo kuna jaji aliyesema miaka mingapi. Amri namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965 ilipanga kwa muda mrefu kazi ya prizo za nchi. Kuna pia contrainte par corps, jina lile lile la zamani: leo ni muda ambao mtu anaweza kukaa ndani kwa kutolipa faini ao pesa alizohukumiwa kulipa. Yeye mwenyewe ndiye aliyehukumiwa, si mke wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya neno la leo na lile la nyumba za mateka.

Mtoto ana mlango wake mwingine kabisa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inampeleka aliye chini ya miaka 18 mbele ya tribinali ya watoto, na hairuhusu achanganywe na watu wazima.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, hali ya dharura ilitangazwa mwaka wa 2021, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Familia nyingi zilikuwa zikiuliza parke, kumbe dosye iko kwa oditora wa jeshi.

Kwa kweli milango hii inachanganywa kila siku. Prizo ya Makala, Kinshasa, ambayo jina lake rasmi ni Kituo cha Kufungia na Kurekebisha cha Kinshasa, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa watu 1.500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, ilipokuwa na watu mara nyingi zaidi ya hapo, kulitokea jaribio la kutoroka. Serikali ilitangaza kwamba watu 129 walikufa. Sehemu kubwa ya watu waliowekwa humo walikuwa hawajahukumiwa. Tarehe 27 Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, wafungwa walivunja prizo ya Munzenze. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 100 waliokuwa humo walibakwa, na wengi wao waliteketea kwa moto. Wengi kati ya waliokufa katika prizo zetu walikuwa bado wanangoja mtu awaite majina mbele ya jaji.

Kangbayi ya Beni ilivunjwa mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2020, na zaidi ya watu 1.300 walitoka mara hiyo ya pili. Ikumbukwe kwamba ukuta ukianguka, dosye haianguki nao. Aliyekuwa akingoja kesi bado ni mshtakiwa asiyehukumiwa, na aliyehukumiwa bado ana hukumu yake.

Shimo, mateka, kambi

Kuna mahali pengine ambapo watu wanapaita buloko kwa kukosa neno: shimo lililochimbwa msituni, nyumba iliyoachwa na wenyewe, kontena ya chuma. Kundi lenye silaha linamshika mkulima na kudai ndugu zake walete pesa ya kumkomboa. Huyo si mfungwa. Ni mateka, sawa na wanawake wa wakati wa mpira. Hata wakimwandikia barua yenye muhuri, muhuri haubadilishi shimo kuwa gereza.

Jambo hilo linahusu pia watu wa serikali. Askari akimkosa kijana na kumchukua mama yake ili kijana ajilete, amechukua mateka. Kifungu cha 17 cha Katiba ni wazi: hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kuzuiliwa ao kuhukumiwa kwa kosa la mwingine. Hiyo ndiyo sheria ambayo mwanamke wa Ekwateri hakuwa nayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo iko.

Mwisho, kuna kambi. Wahamishwaji husikika wakisema: « Huku tuko sawa mu buloko. » Wana sababu: hema moja kwa familia nzima, mstari wa maji, shamba liko mbali na risasi ziko katikati. Lakini kambi isikubaliwe kuwa gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka wa 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao zinasema kwamba wasifungiwe ndani ya kambi. Mhamishwaji hakukosa kitu. Anaweza kutoka, kutafuta kazi, kumtembelea mgonjwa. Na hapaswi kurudishwa kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Wakubwa wakimzuia, wamefanya jambo lenye jina lingine, na jina hilo lisemwe.

Maswali ya kuuliza mlangoni

Mama yule wa mwanzo wa habari hii bado anazunguka na chakula chake. Akifika mlangoni, swali la « yuko hapa? » halitoshi, kwa sababu jibu la « hapana » ni jepesi. Maswali yanayosaidia zaidi yalizaliwa na historia hiyo yote. Hapa ni kasho, ao ni prizo? Nani alimkamata, na OPJ gani ana dosye? Aliingia siku gani, saa ngapi? Anashtakiwa nini, yeye mwenyewe? Kuna karatasi ya parke, ao ya oditora? Jaji amemwona? Kama kuna pesa inayodaiwa, ni ya nini, na risiti yake inatolewa na nani?

Ni vizuri kuandika majibu na tarehe kwenye karatasi, na kutokwenda peke yako. Mwenzako awe mzee wa mtaa, mtu wa kanisa ao wa msikiti, mwanamemba wa shirika la haki za binadamu, ao avoka anayesaidia bila malipo. Mtu ambaye jina lake limeulizwa na watu wawili ao watatu siku ya kwanza, ni vigumu zaidi kesho kusema kwamba hakuonekana.

Wakati wa Leopold, nyumba ya mateka haikuwa na daftari ambalo mume angeweza kuomba afunguliwe. Mwaka wa 1961, hakuna aliyeweza kugonga mlango wa nyumba ya Brouwez na kuuliza. Leo daftari, saa 48 na jaji viko kwenye sheria. Havitembei vyenyewe. Vinatembea pale familia inapojua ni mlango gani imesimama mbele yake, na inapotaja jina la mtu wake kwa sauti.